Jogoo wa Saa Sita Usiku

Tangu chuo cha mji wetu kihamie ligi ya vyuo vya Brazili, mji mzima unafuata saa za huko, eti watazamaji wa Brazili wasikeshe. Sasa kwetu jua linachomoza saa sita usiku.

Leo jogoo wangu aliwika kulipopambazuka. Mume wangu, kocha wa chuo hicho, akachukua kisu.

"Jogoo akiwika usiku ni mkosi, Mama Sekela. Anachinjwa."

"Baba Sekela, chungulia nje. Jua hilo linatokea Mlima Rungwe."

Alitazama saa ya ukutani. Dirishani hakutazama. Ndizo shahada zake mbili za michezo hizo.

Nilimpika jogoo, tukamla taa zote zikiwaka na jua likitupiga usoni. Alipomaliza kunyonya mfupa alinitazama kama alivyomtazama jogoo, akaniuliza mbona siku hizi naamka usiku wa manane.