Kitufe cha Isale

Mama alikuwa wa kwanza kujaribu programu yangu ya kutumiana ujumbe wa sauti. Alirekodi salamu, kisha gumba lake, jeusi kwa utomvu wa ndizi, likasita juu ya kioo.

“Mbona kitufe cha kutuma ni jani la isale?”

“Urembo tu, mama. Wachaga watalipenda.”

“Isale hupelekewa mtu uliyemkosea, Ndelilio. Akilipokea, amekusamehe.”

Niliona aibu. Nikafungua kompyuta nilitoe.

“Ngoja. Mama yako mdogo kule Tarakea akipokea ujumbe, ataliona hili jani?”

Miaka sita hawajasalimiana.

“Ataliona.”

Akafuta ile salamu. Akapangusa gumba kwenye kanga, akafunga kilemba upya kama anayekwenda kubisha hodi, kisha akaniambia nitoke nje.