Spana ya Kufungulia Tu

"Nataka ya kufungulia tu," mwanamke alisema. "Kufunga sihitaji."

Mwenye duka alicheka. Alikuwa ameuza vifaa vya magari tangu ujana wake, na mdomo wake haukuwa na breki, lakini mteja wa namna hii hakuwahi kumpata. Watu huchagua spana ya upepo kwa kuangalia nguvu na jina lililoandikwa ubavuni. Huyu alizipima uzito moja moja kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa umezungushiwa bandeji mpaka kwenye kiwiko.

"Dada yangu, zote zinafungua na kufunga, ni kugeuza hiki kitufe tu. Hiyo kubwa iache, ni ya malori, itakung'oa bega. Chukua hii nyepesi, kwa gari la nyumbani inatosha na kubaki. Kompresa unayo?"

"Ipo. Ya baba watoto." Akaushika mpira wa upepo na kuukadiria kwa macho. "Kutoka uani mpaka ndani, huu utafika?"

"Kumbe gari lenu linalala ndani! Lina raha kuliko mimi."

Mwanamke akaanza kuukunja ule mpira.

"Si umwachie mwenyewe afungue hizo nati?" mwenye duka akaendelea.

"Yeye ndiye aliyezikaza. Alisimama juu ya spana kwa miguu yote miwili."

"Basi hata mashine ya nini? Chukua spana ya kawaida, ivishe bomba refu, ulalie."

"Nimeshalala juu yake, kaka. Ilichomoka, ndiyo mkono ukawa hivi." Aliitazama tena ile spana nyepesi. "Ina kelele?"

"Mtaa mzima utajua umeajiri fundi."

"Na nati nne zinachukua muda gani?"

"Chai yako haitapoa."

Mwanamke akageuka kuangalia barabarani. "Basi akiwa hayupo itawezekana," alinong'ona. Mwenye duka alisikia, na kicheko kikamkauka mdomoni.

"Mbona haraka hivyo?"

"Safari ni kesho alfajiri. Lazima ziwe zimefunguka leo."

"Safari ya baba watoto?"

Alisita, kisha akaitikia kwa kichwa.

Soketi, kile kichwa cha spana kinachoivaa nati, ilitakiwa ioane nayo, kwa hiyo mwanamke alichakura mkobani atoe ya kupimia. Kwanza vilitoka viatu vyeusi vya shule, vidogo, vimepigwa rangi vikang'aa. Alivirudisha upesi, kisha akaweka nati moja juu ya kaunta.

Mwenye duka aliisogeza kwenye mwanga. Aliijua. Juzijuzi tu alimuuzia mwanaume mmoja mpole boliti nne na nati zake, pamoja na nati ya akiba. Alimwambia boliti hizo ni ndefu mno kwa gari dogo, na yule mteja akajibu kwa upole kwamba ndizo anazozitaka. Namba yake ya simu ilikuwa bado ipo, kwa sababu alitaka apigiwe mzigo ukifika.

Mdogo wake mwenyewe alikufa kwenye mteremko, gurudumu la mbele lilipochomoka gari likiwa kwenye mwendo. Walimzika bila kumfunua uso. Nati zilikuwa zimelegezwa, na mpaka leo hakuna aliyejua ni mkono wa nani. Kwa miaka yote hiyo alilala na kuamka akijiuliza kama kuna mtu aliyeona jambo akanyamaza.

Aliitazama bandeji ya yule mwanamke. Huenda mume alikuwa mkatili. Huenda mke alikuwa na sababu zake, na angezitaja zote mtu angemwonea huruma. Lakini roho ya mtu haitolewi hivyo, tena na mama anayezunguka na viatu vya mtoto anayetaka kumwachia uyatima.

"Kaa hapo kwenye benchi, dada," alisema kwa sauti laini. "Soketi ya saizi hii iko stoo. Sichelewi."

"Fanya hima, kaka, tafadhali. Hajui kama nimetoka."

Stoo alirudishia mlango, akapiga simu. Ilipopokelewa alimwaga yote kwa kunong'ona: spana, nati, kelele, safari ya alfajiri. "Nisamehe kwa kuingilia mambo ya nyumbani kwako," alimalizia, "lakini ningenyamaza, damu yako ingenilaani."

Upande wa pili mtu akashusha pumzi.

"Yupo hapo sasa hivi?"

"Nimemkalisha. Anadhani natafuta soketi."

"Umenifanyia jambo kubwa sana, ndugu yangu. Endelea kumchelewesha, niko njiani."

Mwenye duka alifumba macho. Uzito aliokuwa nao kifuani tangu siku ya mazishi ya mdogo wake ulikuwa umepungua, na machozi yalimlengalenga kwa furaha. Safari hii alikuwa amewahi. Kupitia upenyo wa mlango alimwona mwanamke benchini, ameipakata spana mapajani, anachungulia barabarani.

"Na hilo gari usiliguse kwanza," aliongeza. "Mwite fundi alikague magurudumu yote."

"Gari?" Yule mwanaume alicheka, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. "Gari niliuza zamani, bosi. Hizo nati nimekazia vyuma kwenye mlango wa chumba cha binti yetu, asije akatoroka kabla bwana harusi hajaja kumchukua kesho."