Pambizoni mwa Kitabu cha Baba

Siku hizi hapa Chengdu mlango wa nyumba haufunguki mpaka mashine ya ukutani ipige ramli na kukubali. Yangu ililishwa maandishi ya marehemu baba na husema kwa sauti yake; ndiye aliyejaza maelezo pambizoni mwa kitabu cha kale cha ramli, huku Mama akimbishia kila mstari mpaka chai ikapoa.

“Baba, niende hospitali kumwona Mama?”

Mistari sita ya ramli ikatokea ukutani. “Usiende, Suyin. Safari ni mbaya.”

Hata kikohozi kilichofuata kilikuwa chake. Nikakifungua kitabu. Kando ya mistari ileile, Baba aliandika: “Safari ni mbaya.” Chini yake, kwa wino uliofifia: “Labda. Tumsikie Mama Suyin kwanza.”

Nikausukuma mlango kwa bega mpaka kitasa kikaachia.

“Rudi, mwanangu,” ikasema sauti. “Chai inapoa.”