Gari la Shemasi Limesimama kwa Nani

"Theluji hii nimeizoa mimi, kwa mgongo wangu, kabla hakujapambazuka," Delfina alikuwa akimwambia jirani yake, koleo mkononi. "Sasa gari lenye namba za Ohio linatafuta nini mahali pangu?"

Mama Nabintu alisimama kwenye ngazi za nyumba yake ya mbao, mikono ameificha ndani ya kitenge. Alijibu kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake. "Bon, Mama Delfina, univumilie. Leo niko na bageni."

"Wageni wa Jumatano?"

Delfina hakuwa mtu wa kuachia hapo. Alikulia kambini Kigoma, na foleni ya maji ilimfundisha kwamba anayenyamaza hurudi na ndoo tupu. Akataka kujua ni sherehe gani hiyo ya magari barabara nzima, sombe, mboga ya majani ya muhogo, inanukia hadi kwake, wala muziki hausikiki. Na kiwandani je, leo hakwendi mtu?

Hapo ndipo Corolla ya kijivu ilipokata kona, na wanawake wote wawili wakaigeukia.

Mtaa wote wa West Side ulilijua gari lile. Lilikuwa la Shemasi Aloisi Mushagalusa, na likisimama mlangoni kwako siku isiyo ya Jumapili, ujue kuna mtu wako hayupo tena duniani.

Shemasi alikuja Buffalo zamani, kijana wa kusoma chuo kikuu kule Amherst. Akaoa, akapewa daraja la ushemasi. Wakimbizi walipoanza kushushwa mtaani na mifuko yao ya plastiki, walimkuta yuko altareni tayari. Miaka ishirini na mmoja amebatiza, amefungisha ndoa, amezika. Lakini kazi iliyomkausha ilikuwa hii nyingine. Msiba hausemwi kwa simu. Mtu akifa Louisville, au Columbus, au kule nyumbani Uvira, jamaa humpigia shemasi, naye huenda kumwambia mwenye msiba ana kwa ana. Tena haambiwi mtu na njaa yake. Shemasi huketi, huuliza kama umekula, hungoja umalize sahani, ndipo afungue mdomo. Maana ukishasikia, unaweza kukaa siku tatu hujameza hata maji.

Safari hii aliyepiga ni Ombeni, mwenyekiti wa Wakongomani wa Columbus, Ohio. "Shemasi, saa kumi uwe kwa Mama Nabintu. Ingine utaambiwa kule." Akakata. Ombeni, mtu wa kukushika simuni mpaka chaji iishe! Shemasi akaelewa kwamba ameshindwa kutaja jina. Wala hapakuwa na haja. Mama Nabintu alikuwa na mtoto mmoja tu, Masumbuko, dereva wa lori kati ya Louisville na Columbus, na wiki nzima barabara za huko zilikuwa barafu tupu.

Mume wa mama huyu alizikwa na shemasi huyuhuyu. Leo atamwambia nini? Njia nzima alitafuta maneno, akayakosa. Yeye mwenyewe, tangu mkewe afariki, na shemasi mjane haoi tena, alikuwa amebaki na binti yake Grâce, anayetunza wazee Louisville. Jumapili walizungumza, akasema anatafuta lifti aje wafunge Kwaresima pamoja. Mwenye mtoto mmoja hahitaji kuelezwa mtoto mmoja ni nini.

Shemasi aliposhuka garini, Delfina alikumbatia koleo lake. "Shemasi, kama ni kwangu, niambie nikiwa nimesimama hivihivi. Sahani yako siitaki."

Shemasi alitikisa kichwa, akamwelekeza kwa jicho kwenye ngazi za jirani. Delfina akageuka, akamtazama aliyekuwa akimgombeza sasa hivi.

"Na mimi nampigia kelele kwa ajili ya theluji," alisema polepole. Akaliacha gari la Ohio lilipo, akaenda kukwangua barafu kwenye njia ya Mama Nabintu bila kuombwa.

Mama Nabintu aliliona lile jicho la shemasi. Akainamisha uso, akafuta pua kwa ncha ya kitenge.

Maskini, shemasi aliwaza, moyo umeshamwambia. Dirishani aliona vichwa: Ombeni mwenyewe, wanawake wa kwaya, watu wa zamu ya mchana wakiwa bado na viatu vya kazi, hata paroko. Walipomwona waliinuka wote pamoja. Wamefanya vizuri kuja mapema, akajisemea. Hatakuwa peke yake.

Akapanda ngazi, akavua kofia, akamshika mama yule mkono. Akaanza kama alivyoanza kila mara, miaka yote ile.

"Mama Nabintu, umekula?"

Kabla hajajibiwa, mlango ulifunguliwa kutoka ndani. Aliyeufungua alikuwa Masumbuko, mzima, amesimama kwa miguu yake miwili, macho mekundu.

Shemasi alimkumbatia kwa furaha. "Mungu asifiwe," alisema kwa sauti, nyumba nzima ikasikia.

Wanawake wa kwaya wakainamisha vichwa.

"Siye bote tumeshakula, Baba Grâce," alisema Mama Nabintu, akimshika kiwiko. "Ingia ndani. Uje ukule kwanza."