Mkao wa Farasi

“Shusha magoti,” alisema Mwalimu Lewa, na Nafula akashusha mpaka mapaja yakaanza kumtetemeka.

Huo ndio mkao wa farasi: miguu imetanuliwa, magoti yamekunjwa, ngumi kiunoni. Kila jioni wanafunzi wa karate walikaa hivyo katika ukumbi mmoja wa Changamwe, Mombasa, Mwalimu akipita kati yao na bakora, akisimulia. Aliyeyumba alichapwa nyuma ya mapaja.

“Mimi nimekulia Kisauni,” alikuwa akianza hivyo, kwa sauti ya chini. “Baba yangu alinifunga kwenye tendegu la kitanda, akanitandika kwa kamba iliyolowa maji ya chumvi. Nikilia, anaanza upya. Nikatorokea Kongowea, nikasukuma mkokoteni, na huko ndiko baharia mmoja alikonifunza kupigana. Siku niliyofunga mkanda mweusi nilirudi nyumbani. Nikamwambia, haya, nipige sasa. Akainamisha kichwa. Na nyinyi, aliyewatesa msimpe hata maji.”

Goti la Musyoka, mpakiaji wa mizigo bandarini, lilikuwa limevimba kwa sababu ya mkao ule, na bado alikuja. Angelalamika nini mbele ya mtu aliyepitia hayo?

Nafula alikuwa na sababu yake. Alitoroka kwao Bungoma kwa sababu ya kipigo cha baba yake, akapata kazi ya kushona katika kiwanda cha nguo. Mwaka wa 1989 baba yake alimfuata. Alimngoja langoni, amekonda, anakohoa, kofia ameishika mkononi.

“Nafula, mama,” alisema, “nimekuja uniwie radhi. Mimi ni mgonjwa.”

Nafula alitaka kumshika. Mkono ulikuwa umeshanyanyuka, ndipo alipomkumbuka Mwalimu.

“Haya,” alimwambia, “nipige sasa.”

Yule mzee akainamisha kichwa, Nafula akampita. Kabla ya Krismasi habari zikaja kwamba amezikwa. Mwalimu Lewa, aliposikia jinsi alivyompita baba yake, alimsimamisha Nafula mbele ya darasa, akaamuru apigiwe makofi. Nafula alirudi chumbani kwake akala ugali wake wote, akashangaa kwamba hasikii ladha.

Jumamosi moja ya Januari, saa za alasiri, Mwalimu alichelewa. Alikuwa mkuu wa walinzi katika hoteli moja ya Shelly Beach, na feri ya Likoni ilikuwa imeharibika. Wanafunzi walikuwa wakijinyoosha wenyewe mlangoni alipotokea mzee mwenye kikoi na fulana, ameshika kuku aliyefungwa miguu.

“Hamjambo, wanangu? Hapa ndipo asomeshapo Lewa?”

Wanafunzi waliacha kujinyoosha.

“Wewe ni nani wake?” Musyoka aliuliza.

“Mwanangu yule. Naitwa Mwarandu, natoka Kisauni. Miaka mingi hajaja kwetu. Nilisikia watu wakisema amekuwa mwalimu mkubwa, nikasema nije nimuone kabla macho hayajanizimika.”

“Wewe ndiye baba yake?” Nafula aliuliza.

Mzee alicheka, fizi zikaonekana. “Ni mimi. Ana mwingine?”

Musyoka alifunga mlango.

Walimpokonya kuku wake, wakamsimamisha katikati ya ukumbi. Nafula aliichukua bakora ukutani. Alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

“Shusha magoti,” alisema.

“Mwanangu, miguu yangu mibovu.”

“Shusha!”

Mzee akashusha. Jasho likamtiririka mpaka kidevuni. Alipoyumba, Nafula alimchapa, na wenzake wakahesabu kwa sauti kama wanavyohesabu mazoezini.

“Ulikuwa unamfunga kwenye tendegu,” Nafula alisema.

“Nani? Lewa?” Mzee aliwatazama mmoja mmoja, kama asiyeelewa lugha yao. “Wallahi sijamnyanyulia mkono. Muulizeni mwenyewe.”

“Wote husema hivyo.”

Hata baba yangu, Nafula aliwaza, angesema hivyo. Lakini baba yake hakusema hivyo. Alisema uniwie radhi. Wazo hilo lilimchoma, na lilipomchoma akapiga kwa nguvu zaidi. Musyoka naye akamfagia mzee miguu, teke lile lile walilofundishwa. Mzee akaenda chini mzimamzima. Kisogo kikagonga ngazi ya saruji ya jukwaa, na damu nyembamba ikamtoka sikioni. Vidole vilimtikisika kidogo, kisha akatulia.

“Amezimia,” alisema Musyoka.

Walikuwa bado wamemzunguka mzee, Mwalimu Lewa alipousukuma mlango, amevaa sare yake ya kazi. Wakampisha. Nafula alimnyooshea bakora kwa mikono miwili, jinsi mwanafunzi anavyompa mwalimu.

“Tumekulipizia kisasi, Mwalimu,” alisema. “Baba yako huyu.”

Lewa hakuipokea. Alipiga magoti, akaingiza kiganja chini ya kile kichwa cheupe, akakitoa kimelowa damu. Alimwita mzee sikioni, mara ya kwanza polepole, mara ya pili kwa kelele. Mzee hakuitika.

“Nani kawaambia huyu ni baba yangu?”

“Mwenyewe,” alisema Nafula. “Na wewe umetusimulia kila jioni.”

Mwalimu alinyanyua uso.

“Baba yangu alikufa mimi ningali tumboni,” alisema. “Huyu ndiye aliyenilea, na hakunichapa hata siku moja.”