Uvundo wa Tangi Jekundu

Kifuniko kilipofunuliwa, Mama Mito alijiziba pua kwa kiwiko, na bado harufu ikamfika kooni. Mabuu yote ya tangi jekundu yalikuwa yamekufa. Yalielea meupe, yamevimba, yamenatana na majani ya mahindi yaliyooza. Kwenye tangi la buluu, pembeni, mabuu mengine yalikuwa yakitafuna kama kawaida.

Jina hilo alipewa na wenzake wa maabara kwa jinsi alivyoililia mito. Safari hii walikuwa wakipima mahindi mapya, yaliyobadilishwa vinasaba ili yajikinge na wadudu. Majani yake yakidondokea mtoni, je, yatawaua wadudu wa majini wanaoliwa na samaki? Tangi moja lililishwa majani hayo. Lingine lililishwa ya kawaida, kutoka shambani kwa baba yake, mzee aliyeapa kwamba dawa ya wadudu haijui hata rangi yake. Lipi ni lipi, alijua mkuu wa maabara peke yake, ili wapimaji wasipendelee.

Mama Mito hakuhitaji kuambiwa.

"Mkuu, umeona?"

Mkuu alichungulia, akakunja uso. "Yafunike. Usimwambie mtu kwanza. Njoo ofisini tuongee wawili."

"Tuongee nini? Wenye mbegu wako ukumbini wanasubiri majibu."

"Nakuomba, dada yangu."

Upole ule ulimtia kichefuchefu kuliko uvundo wenyewe. Miaka yote alimheshimu mtu huyu kama kaka wa tumbo moja. Kumbe wameshamlainisha! Alimtazama anavyojifuta jasho, akaona kinyaa, kama mtu aliyekuta unywele kwenye kijiko na tonge limeshashuka.

Akachota bakuli likajaa. Akampita mkuu mlangoni bila kumtupia jicho, akaingia ukumbini, akalitua mezani katikati ya vikombe vya chai. Wageni waliruka na viti vyao. Mmoja alikimbilia dirishani, akatapika.

"Karibuni mezani," alisema. "Hivi ndivyo mbegu yenu itakavyoifanya mito yetu. Na huyu bwana alitaka ninyamaze!"

Mkuu alikuwa amemfuata. Alisimama kando ya meza, mikono nyuma.

"Sema wewe," mama mmoja wa kampuni ya mbegu alimwambia, leso puani. "Haya ni yetu?"

"Hapana. Yenu ni tangi la buluu."

Mkuu akamgeukia Mama Mito, sauti ikiwa ya upole ule ule.

"Mpigie mama yako simu, dada. Mahindi ya mzee wasiyale."