Nafasi ya Mghoi

Siku hizo kila mtu alikuwa na kifaa nyuma ya sikio. Kumbukumbu alizozigusa mara kwa mara kilimwekea karibu, zikamjia papo hapo. Nyingine kilizipeleka ghalani, na ukiziita zilichelewa kufika.

Wakesho alikuwa akisonga ugali dadake alipopiga simu. "Kesho tunapalilia kaburi la Mghoi. Utakuja?"

"Mghoi yupi?" Wakesho aliuliza.

Ugali ulianza kuungua kabla jibu halijamfikia kutoka ghalani. Mghoi alikuwa binti yake wa pekee.

Alimkuta mumewe, Mwandawiro, sebuleni akitafuna njugu. "Nani amempeleka mwanangu ghalani?"

"Mimi. Ulikuwa ukimlilia usiku na mchana, na kifaa kisingemshusha chenyewe. Sheria inamruhusu mume kugusa kifaa cha mkewe."

"Hukuniuliza."

"Ungekataa."

"Mrudishe."

"Nafasi ya karibu imejaa, Wakesho. Akipanda yeye, lazima kingine kishuke. Utashusha nini? Kazi yako? Mama yako?"

Wakesho alimkazia macho, wala hakulia. Kisha akapeleka kidole nyuma ya sikio, akachagua.

Uso wa Mghoi ukamjia wote, hata pengo la meno ya mbele. Akaketi chini akalia kwa sauti.

"Wakesho," Mwandawiro alimwita, njugu zikiwa bado mkononi. "Wakesho, nitazame."

Aliinua uso, akajifuta machozi kwa kanga.

"Samahani, kaka," alimwambia kwa adabu. "Nivumilie kidogo, jina lako linakuja."